Neno la Tatu

Daktari kijana, mgeni wa kisiwa, alimwita Shosho.
Mama akageuka kuangalia nyuma yake
ni nani huyo aliyeitwa.
"Ni wewe, mama."
"Mimi ni Mwanashee binti Athmani," akasema,
"na kiti chako hiki chayumba."

Hatukwenda kwa homa. Tulikwenda kwa barua.
Kaka yangu Shekue aliileta kutoka Mombasa
ndani ya bahasha ya plastiki:
wakili ataka daktari aandike, kwa muhuri,
kwamba mwenye nyumba ana akili timamu
au hana.
Akiwa nazo, atie kidole gumba, auze.
Akiwa hana, tutatia sisi kwa niaba yake.
Kwa njia zote mbili nyumba inauzwa.
Niliyaona hayo pale benchini, nikanyamaza.

Leo ni siku gani?
"Yeo ni siku ya kupekekwa nisikotaka."
Mwaka?
Akautaja wa Hijria, bila kusita.
Daktari akatia kosa.
Nilijua ni sawa, nilikuwa nimeuona asubuhi
kwenye kalenda ya msikiti,
nami sikusema.

Chora saa. Iwe saa tano na dakika kumi.
Akachora duara, mkono wa mshona kofia
haukutetemeka hata kidogo.
Juu akaandika sita, chini kumi na mbili,
kama tunavyosema, si kama tunavyoonyeshwa,
na mshale mfupi ukasimama
palepale ulipotakiwa kusimama.
Daktari akatia kosa la pili.

Lakini nisimfanye walii.
Shaabani aliweka kandambili kwenye friji,
mkate wa mofa akaufungia na nguo za Idi
hadi ukaota ndevu.
Alitia chumvi mara tatu kwenye mchuzi, akaapa hajatia.
Nimemkuta dakani usiku wa manane,
buibui juu ya kanga moja,
akingoja kupelekwa harusini.
Nimemwosha huku akinipiga.
Huniita Nana, dada yangu
aliyezikwa nikiwa na miaka sita.
Siku niliyomsahihisha alilia kilio kibichi,
akaanza matanga upya, akauliza sanda iko wapi.
Tangu hapo kila alasiri mimi ni Nana.
Barke hurudi baada ya isha,
nikishazima taa,
na hakuna anayemuulizia.

Mwisho daktari akasema: nakupa maneno matatu.
Limau. Punda. Ufunguo.
Yashike, nitakuuliza.
Wakazungumza shinikizo la damu, wakazungumza macho,
kisha akamuuliza.
"Hukunipa kitu,"
akasema mama, akafungua viganja vyote viwili
amwonyeshe.

Muhuri ukagonga meza.
Shekue alikunja karatasi kwa adabu,
akatununulia maji ya ukwaju njiani.
Mama aliyamwaga kwenye mtaro.
Mimi nilikunywa yangu yote.

Saa tisa za usiku umeme ulikuwa umekatika.
Tulilala kitanda kimoja, joto katikati yetu
kama mtoto wa tatu.
"Limau," akasema.
Nikadhani koo lakauka, nikapapasa gilasi.
Akausukuma mkono wangu.
Paka wakapigana juu ya dari, wakaachana.
"Punda," akasema,
wala punda hajalia kichochoroni.

Nikainuka kwa kiwiko.
Nikahesabu pumzi zake, nane, tisa, kumi,
nikangoja kama anayengoja matokeo ya mtihani
aliotunga yeye mwenyewe.
"Na jingine, mama?"

Siwezi kuapa kwamba alinitazama, giza lilikuwa zito.
Ila nilisikia mkono wake ukishuka kwenye kanga,
ukalitafuta fundo la pindo,
chuma kikagusana na pete,
na fundo likakazwa.

"Lala, Barke," akasema.